Shuka za Mchaichai

Gurudumu la sanduku halina adabu. Lilichomoka kwenye ngazi za soko, katikati ya watu wanaopanda na wanaoshuka, likaruka vidato kumi na viwili na kwenda kujilaza miguuni mwa fundi mabegi.

Mwenye sanduku alikuwa msusi wa saluni ya ghorofani. Alivaa gauni la njano lililomkaa utadhani limeshonewa mwilini, na nywele alijisuka mwenyewe kwa vioo viwili.

"Fundi, hilo langu," alisema akihema.

"Na mimi je?"

"Gurudumu, fundi!"

"Aa. Nilishaanza kufurahi."

Wapita njia wakacheka. Fundi huyo watu walimwita Zipu: mrefu, shati safi, sindano nene imechomekwa kwenye kola. Alilipokea sanduku, akaligeuza kama daktari anavyomgeuza mtoto. "Safari ya wapi, dada?"

Msusi akamtajia. Nchi ya mvua za jioni na wafumaji wa hariri, ambako hata milango imechongwa ndege. Alikuwa akiipanga likizo hiyo mwaka wa tatu sasa, ana daftari zima. "Umewahi kufika?"

Zipu akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nimefika."

Basi hapo ndipo mambo yalipoanzia. Zipu akamsimulia nyumba ya wageni nyuma ya soko la wafumaji, shuka zake zinanukia mchaichai, na alfajiri unaamshwa na mitambo ya kufumia, tak-tak, tak-tak, kama jirani aliyevaa visigino. Msusi alirudi kesho yake na begi zima lisilo na kasoro, eti likaguliwe. Mwezi wa pili daftari likawa la watu wawili.

"Mpenzi," angempigia huku kichana kiko mdomoni, "tuanze na milango au mto?"

"Milango, roho yangu. Mto hauhami."

Saluni yote ilijua ratiba hiyo kuliko saa za kufungua. Kwa hiyo siku msusi alipopiga simu kuweka nafasi kule kwenye mchaichai, aliweka sauti kubwa ili kila mtu afaidi.

"Chumba kipo, binti yangu," alisema mwenye nyumba. "Wanawake wangapi?"

"Mimi na mwenzangu. Mwanamume."

"Aa, hapana. Mwaka wa ishirini huu, hajalala mwanamume humu. Hata mume wangu ana kwake."

Mikasi ilisimama. Dada yake msusi, mkubwa wake wa tumbo moja, akatoa kichwa kwenye mashine ya kukaushia. "Hebu kwanza. Sasa hizo shuka alizinusa nani?"

Msusi akampigia Zipu palepale. "Shuka za mchaichai, ulizilalia wewe?"

"Hapana, roho yangu. Nilihadithiwa."

"Nani alikuhadithia?"

"Mteja wangu mmoja."

"Wa kike?"

"Wa kike, lakini..."

"Lakini lala salama." Akakata. Ilikuwa saa sita mchana.

Siku tatu Zipu alipiga, simu ikalia mpaka ikachoka. "Mwanamume anayejua shuka za mwanamke zinanukia nini, mdogo wangu," dada alisema, "huyo hashoni mabegi tu." Msusi alichukua daftari akalifuta jina la Zipu, akakuta haisaidii: kila ukurasa ulikuwa na sauti yake. Kwenda peke yake hakukumtisha. Kilichomuuma ni kwamba nchi aliyoiota miaka yote hiyo, sasa haikuwa na utamu bila yule mwongo.

Jumamosi, saluni imejaa hadi mlangoni, Zipu akaingia amemshika mkono bibi mmoja mwenye fimbo na miwani minene. Alikuwa mkunga, amestaafu zamani.

"Msusi ndiye yupi?" bibi aliuliza. "Nasikia nimekuvunjia uchumba. Mwenye shuka ni mimi, mwanangu. Miaka sabini na miwili, na goti hili hata kitanda kifupi halipandi."

Saluni ikalipuka kwa kicheko.

"Nililala pale wiki mbili na shoga zangu. Nikampelekea huyu sanduku limekatika mpini, akaniuliza nimetoka wapi, akanisikiliza mpaka mwisho. Wanaume nimewapokea duniani maelfu. Wa kusikiliza mpaka mwisho hawafiki kumi."

Msusi alimgeukia Zipu. "Kwa hiyo hukufika."

"Sijafika popote. Dunia yote naijua kwa zipu mbovu za watu. Siku ile uliponiuliza, niliona umeshapaa. Nikahofia kubaki chini na uzi wangu."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

Hakutia nakshi, na hilo msusi alilipenda. "Mwenyeji ningempata hukohuko, Zipu. Mimi nilitaka mwenzangu wa kupotea naye njia."

"Hapo umempata bingwa. Sijui njia hata moja."

Msusi akauma mdomo asicheke. Zipu akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza ya vioo. Ilikuwa fomu ya pasipoti, imejazwa kwa herufi za mtu aliyejitahidi. Kwenye mtu wa kuarifiwa kukitokea dharura, jina la msusi. Pembeni yake, uhusiano: patupu.

"Karani kanirudishia. Fomu haipokewi ikiwa na pengo. Nikamwambia hilo si la kujaza mimi peke yangu."

"Kaka yake mwenye nyumba anapokea wenye ndoa, mlango wa pili," mkunga aliingilia. "Shuka ni zilezile."

Dada, rola zikimning'inia, alimsukumia mdogo wake penseli ya wanja. "Andika wewe! Unangoja nini?"

"Wanja unatosha," Zipu alisema taratibu. "Ukighairi, utafuta."

Msusi aliushika wanja, akautazama, akaurudisha kwenye kopo lake. Uso wa Zipu ukasawijika.

"Wanja unafutika," msusi alisema. "Nani ana kalamu?"

Saluni nzima ikafungua mikoba.