Kibuyu Kisichonuka Moshi

Gari jeupe la mizigo lilikata kona ya barabara ya Eglinton, jijini Toronto, likateleza kwenye theluji, likajirudi.

Toyota Corolla ya kijivu ikafuata.

Kwenye usukani alikuwa Almina Rahemtulla, bibi mwenye wajukuu na goti linalolia kama mlango wa stoo. Majasusi vijana huvaa miwani myeusi. Almina alivaa koti la mitumba na kofia aliyofumiwa na mkwewe, mbaya kiasi kwamba watu walimwonea haya wakageuza macho. Maficho gani yazidi hayo?

Hereni yake ya kushoto ikakwaruza. Ilikuwa redio.

"Unaliona?" Sauti ya Clinton, bosi wake.

"Naliona."

"Usiliguse. Lifuate mpaka bohari, basi."

Ndani ya gari mlikuwa na vibuyu vya maziwa vya Wagabra, wafugaji wa ngamia wa jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Vilikuwa vimemaliza maonyesho Toronto, vinarudi kwao. Vimesukwa kwa mizizi, vimekaza hata tone halipiti. Na sasa kila kimoja kilikuwa na kitako cha uongo, na ndani ya kitako vipande vya kuongozea makombora.

Msafirishaji aliitwa Kessler. Alijua kwamba mzigo wa utamaduni haupekuliwi sana. Nani apekue kibuyu cha bibi kizee?

Asubuhi ofisini, Clinton alisema anataka mzigo uondoke ili wanunuzi wanaswe huko mbele. Almina alipouliza juu ya mama aliyetoka Chalbi kuvisindikiza, aliambiwa kwamba naye atafungwa pamoja nao, maana mzigo unasafiri kwa jina lake. Inasikitisha, alisema Clinton, lakini yule ni dagaa tu.

Kisha akamwonyesha picha ya mama huyo.

Almina aliitambua sura ile kabla hajavaa miwani.

Talaso.

Usichanani mwake, Almina alitumwa Chalbi na wakubwa wa ujasusi wa Nairobi kutafuta njia ya bunduki za magendo. Alijidai binti wa mwenye duka aliyemtoroka mume mzee. Hema la Talaso lilimpokea bila swali. Talaso alimfundisha kukama ngamia, na kusafisha kibuyu kwa kaa la moto, kwa kuwa jangwani maji ni ya kunywa. Walimwita Bokayo. Walimpa ngamia jike, kama apewavyo binti wa nyumba.

Naye alikuwa na redio kwenye gunia la sukari.

Askari walikuja. Bunduki hazikupatikana pale. Zilikuwa kwa watu wengine kabisa. Ngamia wa ukoo mzima wakaswagwa, na Almina akaondoka juu ya lori la serikali bila kugeuka nyuma.

Hasanali, mumewe, aliingia kaburini akiamini kwamba alioa karani wa Kisumu.

Bohari lilikuwa mtaa wa Mount Dennis, nyuma ya gereji. Gari jeupe likaingia. Almina akaegesha.

"Umefika. Sasa rudi," ilisema hereni.

"Clinton, mwanangu, goti linaniuma. Nashuka kunyoosha."

"Almina. Hiyo ni amri."

Akavua hereni, akaitia ndani ya pakiti ya chevda, vitafunio vya Kihindi vya chumvi na bizari. Amri ibaki humo na karanga wenzake.

Katika mkoba alikuwa na chetezo, mkaa wa udi alioununua Thorncliffe Park, thermos ya chai, na bastola ya Glock chini ya vitambaa. Alimwambia Kessler, aliyesimama mlangoni, kwamba ametumwa na akina mama wa jumuiya kumuaga msafiri. Kessler alitazama thermos, akatazama kofia, akampisha. Watu wa namna yake hawajawahi kumwogopa mwanamke aliyebeba chai.

Talaso alikaa juu ya kreti. Mwembamba, kichwa cheupe kwa mvi. Pembeni yake vibuyu vimezongwa plastiki.

Almina aliinamisha uso, akasema kwa Kiswahili:

"Dada, vitasafiri bila moshi?"

Talaso akafyonya. Alisema hilo ndilo aliloanza nalo tangu asubuhi. Chombo cha maziwa hakipakiwi bila kupitishwa moto, hata kama ngamia mwenyewe ana mabawa. Lakini huyu bwana anadai ndege imekataza.

"Mimi ninao moto," alisema Almina.

Kessler alikuwa kwenye simu. Talaso alichana plastiki kwa meno, akafungua kifuniko, akanusa.

Uso ukamkunjamana.

"Sabuni."

Hapo ndipo Kessler alipojimaliza. Baada ya kuvichezea vibuyu aliviosha vizuri, kama mtoto aliyelelewa na bomba la maji.

Almina aliwasha mkaa. Kipande kikaponyoka chetezoni. Bila kufikiri akakiokota kwa vidole vitupu, kama alivyofundishwa Chalbi, akakirusha kiganja kwa kiganja, akakitumbukiza kibuyuni.

Talaso alitazama vile vidole. Akafunika, akatikisa.

Moshi uliotoka haukuwa wa mti. Ulinuka plastiki.

Kitako kikaachia. Vipande vyeusi vikamwagika sakafuni kama magamba ya samaki.

King'ora cha moto kikalia.

Kessler aligeuka, mkono ndani ya koti. Hakuutoa. Glock iliyonukia bizari ilikuwa imeshafika mbavuni mwake.

"Toa mkono, baba. Polepole. Mimi mtu mzima, nashtuka haraka."

Zimamoto walifika, na polisi nyuma yao. Kessler akafungwa pingu. Makreti yote yakafunguliwa.

Katikati ya zogo, Talaso alisema kwa lugha ya jangwani:

"Bokayo."

Hakuwa akiuliza.

"Naam, dada."

"Askari walichukua ngamia wote. Wakabakiza wako peke yake. Hapo ndipo tulipojua ni nani aliyewaita."

Almina alishika ukingo wa kreti. Ni yeye aliyemwomba ofisa amwache ngamia yule, ili watoto wa hema wapate maziwa. Miaka yote, usingizi ulipogoma, alijipoza kwa wema huo mmoja.

"Alitulea," Talaso aliendelea. "Amezaa, na wanawe wamezaa. Hatujauza hata mmoja."

"Dada, mimi..."

"Usiniambie kitu. Njoo uwachukue. Nimezeeka nikichunga mali ya mtu."

Akamgeukia zimamoto, akamnyang'anya kibuyu mkononi.

Heri angemtemea mate.

Nje, Almina alirudisha hereni sikioni, na punje ya chumvi juu yake.

"Umeniharibia wanunuzi," alisema Clinton.

"Kessler unaye. Vifaa unavyo. Yule mama ndiye aliyeviumbua. Andika hivyo, apande ndege yake."

"Unamjuaje?"

"Niliwahi kula kwake."

Akakata. Simu ikalia: Shaista, bintiye, akiuliza kwa Kiingereza yuko wapi muda wote huu.

"Nakuja, mama. Injika chai. Kuna ngamia wangu nataka nikueleze."

Akaitia simu mkobani.

Almina alinusa vidole vyake. Vilinuka moshi. Akavitia mfukoni bila kuvifuta, akaelekea kwenye Corolla, goti likilia, wala hakuharakisha.