Damu ya Hilary

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Natalia alimlisha mdogo wake uji. Hilary alikuwa na miaka mitatu, lakini hakuweza kusimama wala kusema neno. Ilibidi aegemezwe kwenye gunia la mahindi, nusu ya uji ikiingia kinywani na nusu ikiishia kwenye shati. Natalia hakulalamika hata siku moja. Alimpenda Hilary kuliko alivyopenda likizo.

Watu wote wa kijiji chao cha Bashay walijua kwamba Hilary alizaliwa Gendabi, kwenye boma la wafugaji ambako baba yake Natalia aliweka ng'ombe wake. Mama mzazi alifariki akijifungua, na baba mzazi alikwishafariki kabla. Mtoto alipoletwa, Scolastica, bibi yake Natalia, alimpaka siagi kichwani akatangaza, "Kuanzia leo huyu ni wa tumbo letu. Atakayesema katoka kwingine, anamfukuza." Basi wote walijua, na wote walinyamaza.

Siku ya kwenda hospitali, Natalia alimbeba Hilary mgongoni. Njiani mama yake alimwonya, "Ukiulizwa, nimemzaa mimi."

"Lakini Mama, daktari si anahitaji..."

"Unataka kumfukuza mdogo wako?"

Natalia akamkaza Hilary mgongoni, akaendelea kutembea.

Daktari Frida, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka Iringa, alimpima Hilary kwa upole. Kisha akasema, "Mama, nataka tupime vinasaba vyake, yaani yale maelekezo ya mwili ambayo mtoto hurithi kwa wazazi. Tutachukua damu yake na yako, tuzilinganishe. Tukikosea hapa, tunaweza kuhangaika na ugonjwa usio wake."

Mama akakunja mkono wa sweta. Muuguzi akamfunga mpira juu ya kiwiko.

Natalia alihisi chumba kinazidi kuwa kidogo. Akisema, atamwaibisha mama yake mbele ya mgeni na kuvunja neno la bibi. Akinyamaza, Hilary ataumia. Alitamani kukimbia, lakini mtoto alikuwa mapajani pake, amemshika kidole. Machozi yakamlengalenga.

Sindano ilipokaribia, sauti ikamtoka. "Daktari, damu ya Mama haifai. Hilary tulimchukua kwa wafugaji."

"Natalia! Umemfukuza mtoto wangu!" Mama akaangua kilio.

Daktari Frida akamfungua ule mpira. "Hajafukuzwa, mama. Si huyo hapo kwa dada yake? Wewe ndiye mama yake. Ila kwenye kipimo hiki nahitaji kujua na waliomzaa."

Kurudi nyumbani kulikuwa kugumu. Mama hakumsemesha Natalia njia nzima. Bibi aliposikia, alisukuma sahani ya ugali kando akaingia chumbani. Kwa siku kadhaa Natalia aliishi kama mfungwa katika nyumba yao wenyewe.

Halafu, bila kumweleza mtu, bibi akamwita Gidabuday, mjomba wa Hilary. Mzee yule alimtazama mtoto kwa muda mrefu. "Dada yangu alizaa mwingine kabla ya huyu," alisema. "Naye hakutembea. Hamkuwahi kutuuliza."

Mjomba alikwenda kwa daktari akaeleza yote, akatoa na damu yake. Miezi ilipita ndipo majibu yakaja: Hilary alizaliwa na tatizo katika vinasaba. Hakukuwa na dawa ya kuliondoa, ila daktari sasa alijua mazoezi yanayomfaa na hatari za kuziangalia mapema. Kufikia mavuno, Hilary alikuwa anasimama akishika ukuta.

Jioni moja bibi alimwita Natalia mbele ya watu wote wa nyumbani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Niliwafunga midomo nikidhani namlinda mtoto, kumbe nilikuwa namzibia njia ya kutibiwa. Mjukuu wangu, ukimpenda mtu, sema ukweli wake pale anapouhitaji, hata kama sauti inakutetemeka."

Natalia akainama. "Kwa hiyo sikumfukuza, Bibi?"

"Umfukuze wapi?" Bibi akacheka huku akifuta macho. "Wenzake wana kwao kumoja tu. Huyu umempa kuwili."