Mguu wa Chizuru Uliokataa Kusimama

Chizuru alikuwa mchapakazi. Tangu kampuni yake ya Osaka imruhusu kufanyia kazi nyumbani, hakuchelewa hata siku moja. Angechelewaje? Kutoka alipolala hadi kazini ni hatua nne.

Alikaa sakafuni, kwenye meza fupi yenye blanketi na kipasha joto chini yake. Baridi ikaisha, maua yakachanua, yakapukutika. Chizuru bado yumo blanketini. Birika kulia, machungwa kushoto, paka miguuni. Ya nini kuinuka?

Siku moja kengele ya mlango ililia. Akataka kuinuka, mguu wa kushoto ukakataa. Akaenda kufungua kwa kutambaa.

"He! Umerudi utotoni?" akauliza jirani yake, Bibi Tokie, aliyekuwa muuguzi kiwandani miaka thelathini.

"Ganzi tu, Bibi. Na mgongo unauma tangu mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili! Na ulinyamaza?"

"Watu husema kazi ya nyumbani ni raha. Ningelalamika nini?" Machozi yakamlenga. "Mwezi ujao kuna michezo shuleni. Nimemwahidi mwanangu Nao nitakimbia naye."

"Najua. Binti yako ametangazia jengo zima." Bibi akaketi. "Kwanza, daktari autazame huo mguu. Pili, sikiliza. Zamani ulitembea hadi stesheni, ukapanda ngazi, ukacheka na wenzako. Hayo yote yalikuwa dawa, mwanangu, nawe hukujua unainywa. Tafuta kiti na meza ya kimo chako. Simama kila nusu saa. Birika likae jikoni. Na asubuhi vaa viatu, aga, zunguka mtaa, ndipo uingie kazini. Jioni zunguka tena. Ukirudi, kazi imekwisha."

"Nimuage nani? Nao akienda shule, nyumba tupu."

"Niage mimi. Ukuta mwembamba huu, hata chafya zako nazihesabu."

Daktari naye alisema ni kukaa vibaya, akamfundisha mazoezi. Meza fupi ikaingia kabatini. Aliyenuna ni paka peke yake. Kila asubuhi, mvua au jua, Chizuru alipaza sauti: "Naenda, nitarudi!"

Ukuta ukajibu: "Nenda, urudi salama!"

Siku ya michezo, mama na mtoto walifungwa kitambaa mguu kwa mguu. Mguu aliofungwa Chizuru ulikuwa ule ule wa kushoto. Filimbi ikalia.

"Moja, mbili! Moja, mbili!"

Bibi Tokie alishangilia mpaka kofia ikamdondoka. Katikati ya uwanja, Nao akapiga kelele:

"Mama, polepole! Unaniburuta!"