Dawa Iliyoungua Njiani

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Yahoska Picado alipanda basi la saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka mji wa Jinotega kwenda mji wa Matagalpa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na njia hiyo aliijua kona kwa kona. Basi lilipanda mlima likikoroma ndani ya ukungu, likapita mashamba ya kahawa na vibanda vya wauza maua, kisha likateremka hadi Matagalpa, ambako watu walianza kuvua masweta. Hapo kituoni alikuwa akimsubiri shangazi yake, Nubia, aliyefanya kazi katika duka la dawa. Shangazi alimnywesha kahawa, akamkabidhi kichupa cha insulini cha bibi, akampandisha basi la kurudi.

Bibi Ercilia alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na alijidunga insulini asubuhi na jioni. Mama yake Yahoska alifanya kazi nchi jirani ya Costa Rica, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu. Kazi ya kufuata dawa ilikuwa ya Yahoska, naye alijivunia kuaminiwa.

Mwezi wa Oktoba, Jumamosi ya safari iliangukia siku ambayo Matagalpa haikuwa na umeme tangu jana yake. Barafu haikupatikana popote. Shangazi Nubia alikifunga kichupa kwa kitambaa kilicholoa maji, akakitia katika mfuko mdogo wa nguo.

"Leo hatuna barafu, mwanangu," alimwambia. "Kipakate mpaka nyumbani. Jua lisikipige, wala kisikae karibu na kitu cha moto. Insulini ikipata joto kali inaharibika, na ukiitazama kwa macho huoni tofauti yoyote."

"Nimesikia, shangazi."

Basi lilijaa hadi mlangoni. Yahoska alipata kiti cha mbele, nyuma ya dereva, mzee mmoja aliyeitwa Evelio. Pembeni yake aliketi Keyling, msichana aliyesoma naye darasa moja, ambaye alikuwa na simu ya dada yake na chapati mbili za mahindi mabichi zenye jibini, zikiwa bado moto. Alimpa Yahoska moja.

Chapati ile ilitaka mikono miwili, kwa kuwa jibini lilikuwa likichuruzika. Tena kitambaa kile kilikuwa kimeanza kumlowesha sketi. Keyling akamtazama akihangaika, akacheka.

"Umebeba yai la nani wewe? Liweke pembeni ule."

Chini palikuwa na gunia la viazi na kuku wawili waliofungwa miguu. Mahali pekee palipokuwa wazi ni juu ya kifuniko cha injini, kando ya dereva. Yahoska alikumbuka maneno ya shangazi. Akajiambia kwamba ni kwa dakika mbili tu, mpaka amalize kula. Akauweka mfuko pale.

Mbele kidogo, lori la kabichi lilikuwa limeharibika katikati ya kona, na magari yakajipanga foleni. Mzee Evelio hakuthubutu kuzima injini, maana siku hizo ilikuwa ikigoma kuwaka. Foleni ilisogea hatua moja, ikasimama, ikasogea tena. Wasichana wale walimaliza kula, wakatazama video za watu wakicheza, wakaanza kuwaigiza walimu wao mmoja baada ya mwingine mpaka abiria wa nyuma nao wakawa wanacheka. Saa nzima ilipita, na zaidi, kabla njia haijafunguka.

Walikuwa wameshaanza kuteremka kuingia Jinotega Yahoska alipokumbuka. Aliunyakua mfuko, nusura auangushe. Kitambaa kilikuwa kikavu, na kichupa kilichoma vidole.

Alipofika kituoni alikimbilia bomba la maji, akakishika kichupa chini yake mpaka kikapoa. Akakiinua kwenye mwanga. Dawa ilikuwa safi, haina hata chembe. Akajipa moyo kwamba huenda haikudhurika.

Nyumbani, bibi alikuwa anachambua maharage. Alimuuliza kwa nini amechelewa, naye akaeleza habari za lori la kabichi. Bibi akauliza kama dawa ilisafiri salama.

"Niliipakata njia nzima, bibi," alijibu Yahoska.

Neno lilimtoka kwa urahisi. Bibi akamshukuru, akaiweka dawa kwenye friji, na tangu hapo kila dakika iliyopita ilifanya kusema kweli kuwa kugumu zaidi.

Kichupa kipya kilianza kutumika Jumapili jioni. Jumatatu, kipimo cha sukari kilionyesha namba ya juu. Jumanne ilikuwa juu zaidi. Bibi akawa anakunywa maji kutwa na kiu haimwishi. Aliacha mkate, akapunguza wali, akabaki na maharage matupu. Hata hivyo namba haikushuka. Yahoska aliona yote hayo. Shuleni alikosa majibu ya hesabu rahisi, na Keyling alipomwita wakacheze alisema tumbo linamuuma.

Jumatano bibi aliamka na kizunguzungu. Yahoska akamshika mkono wakaenda zahanati. Muuguzi Zeneyda alimpima, akaitazama namba, akakunja uso. Zahanati ilikuwa na watu wengi, na muuguzi hakupunguza sauti.

"Bibi Ercilia, umerudia kula mikate ya sukari. Usinifiche. Mwili hausemi uongo."

"Sijala, binti yangu," alisema bibi.

"Kila mgonjwa huniambia hivyo hivyo."

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka kutazama. Bibi, ambaye hakuwa mtu wa kukemewa, aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba labda anakula bila kukumbuka, labda uzee umemwingia akilini.

Yahoska hakuweza kuvumilia zaidi.

"Bibi hajala kitu," alisema. "Ni mimi. Niliweka dawa juu ya injini ya basi. Ilipata moto, nikaipoza kwa maji, nikasema niliipakata."

Muuguzi aliweka kipimo mezani. Kisha akamwomba bibi msamaha, tena mbele ya wale wale waliosikia maneno yake ya kwanza. Akatoa insulini kwenye friji ya zahanati, akamdunga, akampa kichupa kingine cha kutumia nyumbani, na kusema kile cha zamani kitupwe. Aliwataka wakae nje kwenye benchi mpaka apime tena.

Walikaa hapo muda mrefu. Machozi yalikuwa yakimtiririka Yahoska, naye bibi alimwacha alie.

"Kuiweka pale kwenye injini ulikosea, na shangazi yako alikuonya," bibi alisema hatimaye. "Lakini hilo lilikuwa kosa la siku moja. Ungeniambia Jumamosi, tungetafuta dawa nyingine na yangekwisha. Uliponificha, nilianza kujishuku mwenyewe. Nililala nikihesabu kila tonge nililotia kinywani. Unajua kwa nini? Kwa sababu sikuweza kukushuku wewe. Kosa ukilificha, mjukuu wangu, halipotei. Linambebesha mtu mwingine mzigo, na mara nyingi ni yule anayekuamini kuliko wote."

Muuguzi alitoka, akapima tena. Namba ilikuwa imeanza kushuka. Bibi alivuta pumzi ndefu, akapapasa mkobani akatoa simu.

"Shangazi yako anadhani nina dawa nzuri. Nimpigie mimi, au utampigia wewe?"

Yahoska alijifuta macho kwa mkono wa sweta. Aliichukua simu, akatafuta jina, akabonyeza. Iliita mara tatu.

"Shangazi, shikamoo. Ni mimi," alisema. "Bibi anaendelea vizuri sasa. Lakini kuna jambo nililokosea, na nataka ulisikie kutoka kwangu."