Lukresia na Picha Zilizokataliwa

Lukresia alikuwa na studio ndogo ya picha huko Msamala, mjini Songea. Kila asubuhi alifagia mlangoni, akakung'uta pazia la bluu, kisha akaketi kusubiri wateja. Zamani walikuja wengi. Walikuja maharusi, wanafunzi waliomaliza shule, na akina mama na watoto wao waliobatizwa. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Wateja waliobaki walitaka picha za pasipoti tu.

Siku moja alisikia redioni habari za tovuti zinazouza picha. Mpiga picha anatuma picha zake huko. Mtu anayetengeneza kitabu au tangazo akiipenda picha, anailipia na kuitumia. Mpiga picha naye anapata sehemu yake. Picha hiyohiyo inaweza kununuliwa tena na watu wengine.

"Kumbe hata mtu wa Songea anaweza!" alimwambia mumewe, Tadei.

Tadei alikuwa fundi cherehani. Aliinua kichwa, akatabasamu. "Haya, jaribu."

Lukresia alipiga picha kila alichokiona. Alipiga maua, mawingu, barabara na mbwa wa jirani. Akazituma zote. Baada ya siku chache majibu yakaja. Zimekataliwa. Akatuma nyingine. Nazo zikakataliwa.

"Mama Lightness," Tadei alisema kwa upole, "hiyo kamera kubwa tuiuze. Tununue cherehani ya pili. Angalau cherehani inaleta chakula."

Lukresia aliivuta kamera karibu naye. Kamera ile aliinunua kwa jasho lake mwenyewe, kabla hawajaoana.

"Nipe muda, Baba Lightness. Mpaka watu wamalize kuvuna mahindi."

"Sawa. Lakini baada ya hapo tusilaumiane."

Kesho yake alikwenda sokoni na kamera. Dada mmoja aitwaye Chiku alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu. Lukresia alisimama mbali, akampiga picha. Chiku akamwona.

"Wewe dada! Umenipiga picha kwa ruhusa ya nani?"

"Ni picha tu, dada yangu."

"Ni picha tu, lakini sura ni yangu!"

Watu waligeuka kutazama. Lukresia alirudi studio kwa aibu, kamera ameificha ndani ya kanga.

Mchana huo akaingia jirani yake, Majidi. Alitaka picha za pasipoti. Majidi alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini. Alikuwa anatengeneza mabango, kalenda na vijitabu. Alimtazama Lukresia usoni.

"Dada Lukresia, leo hata pole ya kazi huitikii. Kuna nini?"

Lukresia akamweleza yote. Majidi akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Mbona hukuniambia? Mimi ndiye mnunuzi wa picha hizo! Kazini kwetu tunazinunua kila mara. Hebu nione zako."

Lukresia akawasha kompyuta. Majidi aliitazama picha ya maua, kisha akaikuza mpaka ikajaa kioo chote.

"Ikiwa ndogo inapendeza. Sasa itazame ikiwa kubwa. Unaona haya madoadoa kama mchanga? Na ua lenyewe halijatulia. Mkono ulitikisika."

"Kweli! Sikuwahi kuikuza namna hii."

"Wale wanaozikagua wanaikuza. Kabla hujatuma, ikuze wewe kwanza. Na ulipiga saa ngapi?"

"Jioni. Giza lilikuwa limeanza kuingia."

"Basi ndiyo maana. Mwanga ulikuwa haba. Piga asubuhi au alasiri, jua likiwa chini. Tuliza kamera juu ya kitu, au tumia ile stendi yako ya kamera ya miguu mitatu."

Akafungua picha ya duka. Nyuma kulikuwa na kreti la soda lenye jina la kampuni.

"Hii nisingeinunua hata ingekuwa nzuri. Jina la kampuni ya watu limekaa katikati. Mwenye kampuni anaweza kulalamika."

"Na mawingu je?"

"Mawingu ni mazuri, dada, lakini kila mtu duniani anayo. Mwezi uliopita nilitafuta picha ya mkulima wa huku kwetu akipukuchua mahindi. Nilitafuta mpaka nikachoka. Nikaletewa wakulima wa nchi za mbali, na mashine kubwa kama nyumba! Piga maisha unayoyajua wewe. Na uache nafasi upande mmoja wa picha, nipate pa kuweka maneno yangu."

Lukresia akauliza kwa sauti ndogo, "Na yule dada wa sokoni?"

"Hapo yeye yuko sahihi. Mtu anayeonekana sura lazima umwombe kwanza. Umweleze kwamba picha itauzwa, na inaweza kuonekana popote. Akikubali, anatia sahihi fomu ya kibali inayotolewa na tovuti. Akikataa, mshukuru, uende zako."

Jioni hiyo Lukresia alirudi sokoni. Alimwomba radhi Chiku, akaifuta ile picha mbele ya macho yake.

"Nikikuomba sasa, utakubali?"

"Hapana," Chiku alisema. Kisha akalegeza uso. "Lakini umefanya vizuri kurudi. Chukua nyanya hizi."

Jumamosi Lukresia alipanda basi kwenda Namtumbo kwa shangazi yake, Kunegunda. Mahindi yalikuwa yamejaa uani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisaidia, au umekuja na hiyo kamera?"

"Vyote viwili."

Alipukuchua naye mpaka vidole vikamwuma. Wakati wa kupumzika akamweleza habari ya picha, bila kuficha kitu.

"Yaani mtu nisiyemjua ataniona?" aliuliza shangazi.

"Anaweza kukuona, Shangazi. Hata mtu wa nchi nyingine. Ukikataa, sitapiga."

Shangazi aliwaza. "Kuna ubaya gani kuonekana nafanya kazi? Lete hiyo fomu nitie sahihi. Lakini usinichekeshe."

Jua lilikuwa kali bado. Lukresia alisubiri mpaka alasiri. Aliondoa ndoo ya rangi yenye jina la kampuni. Akaiweka sawa stendi ya miguu mitatu. Shangazi akakaa upande wa kulia, na upande wa kushoto ukabaki ukuta mtupu wa udongo. Punje zilidondoka kwenye ungo, ziking'aa. Lukresia alipiga, akaikuza, akaona macho ya shangazi yamefifia. Akapiga tena. Na tena.

"Bado tu?" shangazi alilalamika. "Mahindi yataisha!"

Nyumbani alichagua picha chache tu zilizo safi. Kila moja akaiandikia maelezo ya kweli: mkulima, mwanamke, mahindi, mavuno, Tanzania. Kisha akatuma.

Majibu yalipokuja, Lukresia alipiga kelele mpaka Tadei akaacha cherehani. Picha zilikuwa zimekubaliwa, zote isipokuwa moja. Ile moja alijua kosa lake mwenyewe kabla hajasoma.

Malipo ya kwanza yalikuwa madogo, tena yalichelewa. Lakini kila wiki alitoka na kamera. Alikwenda Peramiho, akapiga bustani za mboga na mafundi seremala. Taratibu picha zake zikaanza kununuliwa. Tadei hakutaja tena kuuza kamera. Alimshonea mkoba wa kuibebea, wenye kitambaa kinene ndani.

Mwaka uliofuata simu ikalia. Alikuwa Shangazi Kunegunda.

"Lukresia! Mabwana shamba wamekuja kutufundisha kuhifadhi mahindi. Wamegawa vijitabu. Juu ya kijitabu niko mimi!"

"Hongera, Shangazi! Unapendeza?"

"Nimependeza sana. Sasa kila mtu ananiuliza namna ya kukausha mahindi, kana kwamba kijitabu nimekiandika mimi."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nimekisoma chote. Nawajibu!"