Kupe Nyuma ya Sikio la Brisa

Kila alasiri Yuridia alipotoka shuleni, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kumwaga maji ya moto yaliyobaki kwenye karai la mbwa na kujaza mapya. Mtaa wao ulikuwa pembeni kabisa mwa mji wa Hermosillo, pale nyumba zinapoishia na jangwa linapoanzia. Duque, mbwa wao mwenye rangi ya mchanga, alishinda amejibanza ukutani penye kivuli chembamba. Mdogo wake Yuridia, Brisa, aliyekuwa na miaka mitano, alishinda amemlalia Duque tumboni kana kwamba ni mto wake.

Kupe walikuwepo siku zote. Wengine walikuwa wadogo kama punje za ufuta, wengine wamevimba damu mpaka wakafanana na mbegu za mbarika. Walijaa masikioni mwa Duque na katikati ya vidole vyake. Joto lilipozidi walipanda ukutani na kujificha kwenye nyufa. Bibi Cuca, aliyewalea wasichana hao wakati mama yao yuko kiwandani, aliwachoma kupe kwa njiti ya kiberiti au aliwamwagia mafuta ya taa. Waliokaidi aliwabinya kwa kucha.

"Bibi, mwalimu alisema tusiwabinye kwa mikono," Yuridia alimwambia siku moja.

"Mwalimu wako anafuga mbwa?"

"Sijui."

"Basi mwache afundishe hesabu."

Yuridia alicheka. Bibi yake alikuwa na jibu la kila kitu, na mtaa mzima ulimheshimu. Alifagia uwanja asubuhi na jioni. Mapazia yake yalikuwa meupe kuliko ya jirani yeyote, na yeye mwenyewe hakuchoka kulisema hilo.

Jumapili moja, Bibi Cuca alikuwa akimsuka Brisa nywele mlangoni, vidole vyake vikasimama ghafla. Nyuma ya sikio la mtoto palikuwa na kupe, kichwa amekizamisha kwenye ngozi, tumbo limeanza kujaa. Bibi alimbana kwa kidole gumba na cha shahada, akamzungusha, akamvuta kwa nguvu. Tumbo likapasuka. Damu ikamchafua Bibi vidole, na kwenye ngozi ya Brisa kikabaki kidoa cheusi.

"Inauma, Bibi," Brisa alilalamika.

"Imeisha, kipenzi changu. Kaa sawa nimalize kusuka."

Kisha akamgeukia Yuridia, akashusha sauti. "Hili halitoki humu ndani. Mtu akisikia mtoto wetu ana kupe, kesho mtaa mzima utasema tunaishi kama nguruwe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Wiki hiyo haikwisha kabla Brisa hajapatwa na homa. Alikataa maharage, akakataa hata chapati ya tortilla yenye siagi aliyoipenda, akalala siku nzima akishika kichwa. Asubuhi iliyofuata Bibi Cuca alimbeba hadi zahanati, Yuridia akifuata na mkoba. Mama alikuwa bado kazini.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi, na foleni ilifika hadi nje. Alimpima Brisa joto, akamtazama koo.

"Kuna mbwa nyumbani?" aliuliza.

"Yupo mmoja, yuko nje," Bibi alijibu.

"Ana kupe? Mtoto ameng'atwa na kupe siku hizi?"

Yuridia alimwangalia bibi yake. Bibi alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, kama anapopigwa picha.

"Daktari, nyumba yangu ni safi," alisema. "Muulize mtu yeyote."

Daktari aliuangalia mlango, ambako wagonjwa wengine walikuwa wanachungulia. Akasema ni mafua, akaandika dawa ya homa. Maneno yalikuwa yamemfika Yuridia kooni. Lakini angemsutaje bibi yake mbele ya mgeni? Alimfuata bibi yake nje. Njia nzima alijiambia kwamba pengine kweli ni mafua.

Hayakuwa mafua. Brisa alianza kuweweseka, akimwita Duque huku Duque yuko pale pale dirishani anakwaruza ukuta. Mama yao, Nereida, aliporudi kutoka zamu alimvua mtoto soksi ili ampoze miguu kwa maji, akapiga yowe. Nyayo za Brisa zilikuwa zimejaa madoa mekundu. Alipofungua viganja vyake, navyo vilikuwa hivyo hivyo.

Jirani yao Chano aliwapeleka hospitali kubwa kwa gari lake la mizigo. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Urquijo. Alitazama viganja vya mtoto, uso wake ukabadilika.

"Naomba jibu la kweli, tena haraka," alisema. "Mtoto huyu ameumwa na kupe?"

"Hapana," Bibi Cuca alisema. "Kule zahanati tumeshaulizwa."

"Ameumwa," Yuridia alisema.

Wote waligeuka kumtazama. Yuridia aligusa nyuma ya sikio lake mwenyewe. "Alikuwa nyuma ya sikio la kulia. Bibi alimng'oa kwa vidole Jumapili. Akapasuka."

"Huyu mtoto anaota," Bibi alisema.

"Mama," Nereida alimwambia mama yake polepole, "ni kweli?"

Daktari Urquijo hakungoja jibu la Bibi. Alikunja sikio la Brisa, akakiona kidonda kidogo chenye weusi katikati, akamwita muuguzi. Dawa ilianza kuingia mwilini mwa Brisa dakika hiyo hiyo, hata kabla ya vipimo.

"Homa hii ya kupe inaua watoto wetu kila mwaka," daktari alimwambia Nereida ukumbini. "Dawa yake ipo. Ila inataka ianze mapema. Mngesema siku ya kwanza, saa hizi ningekuwa nawaambia mwende nyumbani mkapumzike."

"Na sasa?"

"Sasa tusubiri."

Yuridia alisikia yote. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Siku ya kwanza na yeye alikuwepo, amesimama pale zahanati na mkoba mkononi.

Brisa hakufa. Alilala hospitalini wiki nyingi, na damu haikufika vizuri kwenye ncha za mwili wake. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vikawa vyeusi, madaktari wakavikata. Sikio moja likawa zito. Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda kama ufito, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Duque yuko wapi?"

Duque hakuwepo. Brisa alipokuwa bado hospitalini, Bibi Cuca alikuwa amemwomba Chano amchukue mbwa huyo garini na kumwacha mbali kwenye barabara ya jangwani. Yuridia alipokuja kujua, alikimbia hadi kwa Chano akamsihi warudi wakamtafute. Walirudi. Waliita mpaka sauti zikawakauka. Hawakumwona.

Muda si mrefu muuguzi mmoja wa afya ya jamii, Amparo, alifika mtaani pamoja na watu wa kupuliza dawa kwenye kuta na viwanja. Akauliza mbwa wa nyumba ile yuko wapi, Yuridia akamweleza.

"Kumtupa hakukusaidia kitu," Amparo alisema kwa huzuni. "Kupe wako kwenye nyufa za ukuta. Mbwa angepewa dawa yake, angepona, na mngeendelea naye."

Yuridia aliondoka pale akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Ilibidi Amparo amfuate.

"Njoo unisaidie," alimwambia. "Mbwa wa Mama Lety amejaa kupe."

Wakaenda nyumba ya jirani, na Bibi Cuca akawafuata, akasimama mbali kidogo. Amparo alivaa glavu, akampa Yuridia jozi nyingine. Alimpapasa mbwa masikioni, shingoni chini ya ukanda, kwapani na katikati ya vidole, huku akiongea naye taratibu asiogope. Kisha akatoa kibano chenye ncha nyembamba.

"Tazama. Simshiki tumboni, kwa sababu nikimbana tumbo uchafu wake unaingia kwenye damu. Namshika hapa chini kabisa, karibu na ngozi, pale kichwa kilipoingia. Navuta juu moja kwa moja, polepole. Simzungushi wala simnyofoi kwa nguvu. Umeona? Katoka mzima."

Alimtumbukiza kupe kwenye kichupa cha spiriti.

"Na kiberiti?" Bibi Cuca aliuliza kutoka kule aliposimama.

"Hapana, mama. Wala mafuta ya taa. Unamkasirisha tu, anatema mate yake ndani. Kwa mtu ni vilevile kama kwa mbwa. Ukishamtoa, osha ngozi kwa sabuni, nawa mikono, halafu mwangalie mtoto majuma mawili. Homa ikianza, kimbilia kwa daktari na umwambie kuhusu kupe."

Yuridia alijaribu. Mara ya kwanza kibano kiliteleza, mara ya pili kupe akatoka mzima. Bibi Cuca alisogea, akasogea tena, mwishowe akanyoosha mkono naye apewe kibano.

Kwa miezi kadhaa Yuridia na bibi yake waliongea mambo ya lazima tu: chumvi iko wapi, nani kaacha mlango wazi. Duque akitajwa, Yuridia aliondoka chumbani. Bibi hakumzuia.

Jioni moja Mama Lety alikuja na mwanawe, amemfunika shuka ingawa joto lilikuwa kali. Alinong'ona getini, "Doña Cuca, huyu mtoto ana mdudu kwapani. Twende ndani, watu wasituone."

"Huko ndani giza," Bibi alisema. Akaweka kiti uwanjani, mbele ya mtaa mzima, akamketisha mtoto. "Yuridia, niletee kibano na sabuni."

Alifanya kazi polepole, kope karibu ziguse ngozi ya mtoto. Kupe alipotoka mzima, Bibi alipaosha mahali pale, akanyoosha mgongo. Brisa alikuwa anapita uwanjani kwa mwendo wake mpya wa kuchechemea, anamfukuza kuku.

"Mwangalie yule," Bibi Cuca alimwambia Mama Lety. Hakupunguza sauti. "Daktari aliniuliza, nikamdanganya, kwa kuogopa nyie mtasema mimi ni mchafu. Vidole vya mjukuu wangu vimekwenda kwa sababu ya mapazia meupe. Kuwa na kupe si aibu, wanaingia nyumba yoyote. Aibu ni kumficha ugonjwa mtu anayeweza kuutibu. Mtoto wako akipata homa, usingoje kuulizwa. Sema wewe kwanza."

Kisha akamgeukia Yuridia. "Na wewe, siku nyingine ukiona mtu mzima anadanganya kuhusu uhai wa mtu, usininyamazie. Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi."

"Ndiyo, Bibi," Yuridia alisema. Alikiosha kibano kwa spiriti, akakifuta, akaenda kumshika mdogo wake mkono kabla hajaanguka.