Kichochoro cha Mabega

Rangi ilikataa kukauka. Si ukuta mzima, nisije nikaitwa mwongo mapema. Ni mstari mmoja tu, mpana kama kiganja, uliokwenda usawa wa bega toka mwanzo wa chumba kipya, ukakata kona, ukaendelea hadi mwisho. Fundi Geti aliupiga msasa, akaongeza plasta, akapaka rangi nyingine ya bluu, ile ya ghali. Asubuhi mstari ulikuwa palepale, unang'aa kama kiwiko cha koti kuukuu.

"Unyevu huo," alimwambia mkewe.

Mkewe, tumbo likiwa la miezi minane, aliliegemeza bega lake pale. Lilikaa sawasawa, kama mguu kwenye kiatu chake.

"Si unyevu," alisema. "Ni sisi."

Hadithi za majini mtaani ni nyingi, na nyingi ni za kuwatisha watoto wamalize chakula. Hii ninaijua mwanzo mwisho. Anayedai anaijua kunizidi mwulizeni kona ilielekea wapi, mtamwona anavyojikuna kichwa.

Chumba kile hakikuwa chumba. Kilikuwa njia. Mtaa wetu una barabara mbili: ya juu yenye maduka, kinyozi na zahanati, na ya chini yenye nyumba na bomba la maji. Katikati palikuwa na kichochoro kimoja chembamba, hata watu wawili wakikutana ilibidi wageuke ubavu na kupishana tumbo kwa tumbo, na huwezi kugusana tumbo na mtu halafu usimsalimie. Ndiyo maana tulijuana. Ugomvi wa wiki nzima uliishia mle kwa kukosa nafasi ya kununiana. Habari za posa na za msiba zilipita mle kabla hazijafika kwenye simu. Mabega yetu yalisugua zile kuta mpaka zikawa laini kama sahani.

Katikati palikuwa na kona kali, na usipoangalia mnamwagiana ndoo za maji. Kwa hiyo kila aliyeikaribia alipaza sauti: "Napita!" Aliye upande wa pili alijibu: "Pita!"

Sasa, mara nyingine ulisema "Napita," ukajibiwa "Pita" kwa sauti ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, ukakata kona, ukakuta hakuna mtu. Hatukukimbia. Tulimwita Wa Kona, basi. Mgeni ulimtambua kwa kutoka mle mbio, macho yamemtoka. Mwenyeji alitoka anapangusa vumbi begani.

Fundi Geti naye alikuwa mwenyeji, kazaliwa hapohapo. Mageti yote ya mtaa kayachomelea yeye. Ila alikaa na mkewe miaka tisa bila mtoto, na mimba ilipoingia akaitazama nyumba yake ya chumba na sebule, akaitazama na karatasi ya kiwanja, akaona kichochoro kimechorwa ndani ya mpaka wake. Kwa karatasi hakuwa na kosa, na alilisema hilo mpaka mate yakamkauka. Akajenga ukuta upande wa juu. Upande wa chini akaweka geti la mikuki na maua ya chuma, zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, akalipiga kufuli. Akaezeka bati, akatoboa mlango kutoka sebuleni. Chumba cha mtoto.

Watu walilalamika. Kinyozi alikuja mwenyewe, mkasi mkononi.

"Fundi, wateja wangu wote wanatoka chini. Wapite wapi?"

"Wazunguke barabara kuu. Miguu si wanayo?"

Kuzunguka barabara kuu ni mwendo wa nusu saa kwenye jua. Haukwisha mwezi tukaanza kusikia maneno ambayo hayakuwapo: "watu wa juu," "watu wa chini." Waliozaliwa pamoja wakawa wanapungiana mkono kwa mbali, halafu hata mkono ukachoka.

Siku moja saa saba mchana, jua limesimama juu ya bati, mke wa fundi na mama yake mzazi, aliyekuja kumsubiri ajifungue, walikuwa sebuleni wakikunja nguo za mtoto. Harufu ikaanza kutoka chumba kile kitupu: jasho, mafuta ya nywele, nguo za watu wengi waliosimama pamoja muda mrefu. Kisha, kwa upole, kutoka nyuma ya kona:

"Napita."

Mama akaiachia soksi ikaanguka. "Umesikia?"

"Usijibu, mama."

"Si mlisema huyu kazi yake ni kujibu?"

"Ndiyo," binti alinong'ona. "Leo anaomba yeye."

Fundi aliporudi kula wakamsimulia kwa sauti ya chini, wamekaa karibu na mlango wa nje. Akacheka mpaka akakohoa. Akaenda kusimama katikati ya chumba cha bluu, mikono kiunoni, kama anavyosimama mbele ya mteja msumbufu.

"Hapapitiki hapa!" alisema. "Umesikia, bwana? Hapapitiki! Zunguka barabara kuu!"

Akarudi kula. Ila bati, ambalo saa hiyo hulia kwa joto, ta, ta, ta, lilinyamaza.

Kesho yake maji hayakushuka kwenye sinki la jikoni. Fundi alifungua bomba lote la chini, likawa jeupe na safi, na maji yakabaki juu ya tundu yametulia, kana kwamba kuna mtu kayaambia yasubiri. Siku ya pili moshi wa jiko ulifika dirishani ukasimama, haukutoka wala kurudi, ukawa kama mtu anayechungulia. Siku ya tatu mama mkwe alisimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria ya chai mkononi, mguu mmoja umenyanyuka, toka saa tatu mpaka chai ikaganda utando.

"Mama, ingia basi."

"Nitaingiaje?" alisema, machozi yanamtiririka. "Sijaambiwa nipite."

Ilibidi fundi ambebe. Na alipomvusha, yeye mwenyewe alihisi kitu kikimshika kifuani, si kigumu, laini tu, kama bega la mtu asiyetaka kupisha.

Siku ya nne asubuhi uchungu ukamshika mkewe.

Waliita mkunga, mzee wa barabara ya juu tunayemwita Bibi Mkasi, ambaye nusu ya vitovu vya mtaa huu kavikata yeye, changu kikiwemo, na alisema hajawahi kuona kizuri kama changu. Alizunguka barabara kuu kwa miguu, akafika anahema na kumtukana fundi tangu nje. Kuingia aliingia. Kutoka ndiyo ikawa kesi.

Maana alipompima mgonjwa alisema apelekwe zahanati haraka, wakamwinua watu watatu, wakafika naye kwenye mlango wa mbele uliokuwa wazi kabisa, jua linaonekana, kuku wa jirani anaonekana, na pale kwenye kizingiti miguu yao ikakataa, wote kwa wakati mmoja, kama imemwagiwa zege, wakabaki wananing'inia nusu hatua kutoka duniani huku mwanamke akilia katikati yao, na walipojaribu mlango wa nyuma ikawa hivyohivyo, na fundi alipokimbilia dirishani akakumbuka kwamba nondo za dirisha lile kazikata yeye, kazichomelea yeye, na alimwambia kila mtu kwamba hata paka hapenyi.

Wakamrudisha kitandani. Ikawa saa nne, saa tano, saa sita. Bibi Mkasi akamvuta fundi pembeni.

"Mtoto kakaa vizuri. Kichwa kiko chini, njia imefunguka tangu asubuhi. Mama anasukuma. Haji."

"Haji kwa nini, Bibi?"

"Wewe ulisema nini mle ndani?"

Fundi akatazama chini. Akayarudia yale maneno kwa kunong'ona, na alipoyataja mkewe alipiga ukelele ambao ulisikika mpaka kwa kinyozi.

"Basi ndiyo hilo," alisema Bibi Mkasi. "Miaka arobaini nimepita mle na begi langu, na hakuna siku Wa Kona aliniambia nisipite. Wewe umemfundisha neno jipya. Bomoa. Na ukishabomoa, waambie watu wapite, wa juu na wa chini, mmoja mmoja, kama zamani. Watu, nimesema. Mke wako hana saa mbili."

Fundi alichukua nyundo na tindo vilivyokuwa chini ya kitanda, akaanza kuupiga ukuta wa juu kutoka ndani. Alikuwa ameujenga kwa simenti nyingi, kwa sifa. Tindo liliruka kama linapiga reli.

"Kinyozi!" aliita kupitia ufa wa kwanza. "Kinyozi, nisaidie!"

"Zunguka barabara kuu, fundi," kinyozi alijibu kutoka ng'ambo. "Miguu si unayo?"

Kisha akamsikia yule mwanamke akilia. Ilisikika nyundo kubwa ikianza kula ukuta kutoka nje, na ya pili, na ya tatu. Ya tatu ilikuwa yangu. Wanaosema nilisimama tu kushika koti la kinyozi ni watu wa wivu. Upande wa chini nako watu walilitia geti la maua nguzo ya mti, wakaling'oa na bawaba zake.

Ukuta ukaanguka, vumbi likapanda. Tukasimama huku, wenzetu wakasimama kule, na katikati fundi peke yake karibu na kona, kapauka kama aliyepakwa chokaa. Harufu ile ya watu wengi ikatupiga usoni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Kinyozi akajikaza. Akatia mguu ndani. "Napita!"

Akasogeza mguu wa pili.

"Napita, jamani!"

Na kutoka nyuma ya kona, karibu, karibu sana, tukajibiwa. Haikuwa ile sauti ya kukwaruza. Ilikuwa sauti ya Fundi Geti, na Fundi Geti tunamwona, mdomo kaufunga.

"Hapapitiki hapa."

Kinyozi alirudi kinyumenyume mpaka akanikanyaga. Ndani mke wa fundi alilia tena, safari hii kwa sauti ndogo, ya mtu anayeishiwa. Bibi Mkasi akapiga kelele kutoka chumbani, "Waambie wapite! Waambie watu!" lakini fundi hakuwa tena mtu wa kusikia, alipiga magoti akiitazama ile kona, mikono kaikunjua, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja kama maji yaliyokuwa yamezuiwa:

"Pita, bwana wangu, nimekosa, njia ni yako tangu kabla ya baba yangu, pita, pita utakako, mimi sikuzuii tena!"

Ndipo tukasikia bega likisugua ukuta. Taratibu, hrrr, kwenye ule mstari, na bluu ikawa inabanduka na kuanguka huku kitu hakionekani, na sauti ile ikaikata kona ikamfikia fundi, ikampita ubavu kwa ubavu, tukamwona anageuka kupisha, na sote tuliokuwa upande wa juu tukajibana kuiachia nafasi, na wa upande wa chini vilevile, kila mmoja akidhani inakuja kwake, lakini haikuja juu wala haikwenda chini, iliingia kwenye ule mlango alioutoboa fundi mwenyewe, ikavuka sebule, hrrr, ikaingia chumba alicholala mkewe, na hapo ikakoma.

Mtoto akalia.

Tulishangilia, nani asingeshangilia! Maji yalishuka kwenye sinki kwa mlio mkubwa. Moshi ukatoka dirishani. Watu wa chini wakapanda, wa juu wakashuka, tumbo kwa tumbo, wanacheka, wanasalimiana kwa majina ya utani ya utotoni. Bibi Mkasi pekee ndiye hakucheka. Alitoka ananawa mikono, akamtazama fundi.

"Nilisema uwaambie watu," alisema polepole. "Si umwambie yeye."

Tangu siku hiyo kichochoro kiko wazi. Bati limeondolewa, geti la maua limeuzwa chuma chakavu, na mabega yetu yameshaimaliza ile bluu. Kwenye kona tunasema "Napita" kama kawaida, na pasipokuwa na mtu upande wa pili hakuna anayejibu. Wageni wanapaona pazuri sasa. Sisi wenyeji tunatembea haraka.

Nyumbani kwa fundi mkewe yuko salama, kanenepa kidogo. Mtoto ni wa kiume, mtulivu, ana miezi miwili. Kabla ya kuingia chumba chenye kitanda chake mama husimama mlangoni na kusema kwa adabu, "Napita." Husubiri. Kisha huingia. Bibi yake naye hivyohivyo. Nimeisikia mwenyewe ile sauti ikiwaruhusu, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Fundi alicheka mara ya kwanza alipowaona. Alipotaka kuingia, mguu ukamgoma. Akasema "Napita" kwa utani. Akasema tena, bila utani. Kutoka kitandani, kwa sauti yake yeye fundi, ile ya kumjibu mteja msumbufu, akaambiwa yale maneno mawili. Siku hizi hata kizingiti cha mlango wa mbele kinamgomea.

Ukipita mtaani kwetu mchana utamkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, mlango wazi nyuma yake, shati limepigwa pasi, kichwa kimechongwa vizuri na kinyozi bure. Mwulize kwa nini haingii ndani. Atakuonyesha dirisha kwa kidevu, na atakuvuta karibu.

"Sema taratibu," atakuambia. "Kalala. Akiamka nitamwomba tena."